Dar mpaka New York: umbali, masaa ya ndege na jinsi ya kupiga hesabu mwenyewe (mwongozo kamili)

"Kutoka Dar mpaka New York ni masaa mangapi kwa ndege?" Ukiuliza hivi utapewa majibu mpaka uchoke, mmoja atakwambia 16, mwingine 22, mwingine anaapa kabisa kwamba yeye alitumia siku nzima na ushee, na cha ajabu wote wanaweza kuwa sahihi, ila kila mtu kahesabu kitu chake. Kuna umbali wa mstari, kuna masaa ya kuwa hewani, kuna masaa yanayoonekana kwenye tiketi, halafu kuna masaa ya kutoka mlangoni kwako Tegeta mpaka mlangoni kwa mwenyeji wako Bronx. Hiyo ya mwisho ndo inayokuchosha, na utaona huko mbele kwamba kilometa zina mchango mdogo kwenye hiyo kuliko mji unaobadilishia ndege.

Nitatumia Dar–New York mwanzo mpaka mwisho kwa sababu ni ndefu, haina ndege ya moja kwa moja, na mitego yote imo. Ukiishika hii, Mombasa–Toronto au Bujumbura–Brussels utaipiga mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: jua uwanja, sio mji tu

Kila uwanja una msimbo (code) wa herufi tatu. Dar ni DAR, Nairobi ni NBO, Addis Ababa ni ADD, Doha ni DOH. New York sasa ndo ina viwanja vitatu vinavyochanganya watu: JFK upo Queens, LGA (LaGuardia) ndege zake karibu zote ni za ndani, na EWR ni Newark, ambao upo jimbo jingine kabisa la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson. Ukiandika "New York" kwenye apu ya tiketi inakuletea vyote kwa pamoja na bei ya Newark inaweza kukuvutia, sawa, ila kama mwenyeji wako yupo Queens mwisho kuna gharama na muda wa ziada wa kuvuka huko kote. Angalia msimbo kabla hujalipa.

Hatua ya 2: pima umbali

Umbali wa ndege haupimwi kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na ile ramani imenyooshwa kwa nguvu, kwa hiyo mstari unaoonekana umenyooka kwenye karatasi sio mfupi kuliko yote. Kama kuna tufe la dunia shuleni kwa watoto, chukua uzi, ubane Nairobi (mojawapo ya miji ya kubadilishia ndege) na New York, uuvute ukaze, huo uzi ndo njia fupi. Kama huna tufe, Google Earth ina kifaa cha kupimia, au ingia tovuti ya Great Circle Mapper uandike ile misimbo, DAR-JFK, inakupa namba na mstari.

Ukichora kwa rula kwenye ramani ya kawaida kutoka Nairobi mpaka New York, katikati ya mstari inaangukia baharini huko pwani ya Mauritania. Ukifuata uzi wa kweli, katikati inaangukia Morocco, sio mbali na Marrakech! Yani nusu ya safari ya kwenda Marekani bado upo Afrika, na njia inapinda juu kaskazini kuliko mtu anavyotegemea. Ndo maana abiria wakiangalia ile ramani kwenye kioo cha kiti wanaanza kuulizana mbona rubani anatupitisha Sahara.

Namba zenyewe, za mstari mfupi, nimezizungusha kidogo: Dar–New York ni kama kilometa 12,440. Nairobi–New York 11,840. Dar–Nairobi 670. Sasa jumlisha hizo mbili za mwisho, unapata 12,510. Kwa hiyo kupitia Nairobi unaongeza kilometa 70 tu, Nairobi ipo karibu kabisa na mstari wenyewe. Kwa mtu wa Dar hakuna njia iliyonyooka kama hii.

Ila kumbuka ndege haipiti kwenye uzi wako kikamilifu. Kuna njia za angani zilizopangwa, kuna mawingu mabaya ya kukwepa, na kuna nchi ambazo anga lake halipitiki, mfano Sudan ilifunga anga lake Aprili 2023 vita vilipoanza na ndege za huku kwetu zilizokuwa zinakatiza pale kwenda Ulaya zikaanza kuzunguka. Kwa hiyo kilometa zinazorukwa kweli huwa zaidi kidogo ya zile za kwenye hesabu.

Hatua ya 3: geuza kilometa kuwa masaa

Ndege kubwa za sasa kama Boeing 787 zikishapanda juu zinakwenda kama kilometa 900 kwa saa. Lakini usigawe kwa 900, utajidanganya, kwa sababu kupanda na kushuka kunakula muda na kule chini mwendo ni mdogo. Kanuni ninayoitumia mimi: gawa kilometa kwa 850, halafu ongeza nusu saa. Dar–Nairobi, 670 gawa kwa 850 unapata kama dakika 47, ongeza 30, saa moja na dakika 17, na ukiangalia tiketi utakuta imeandikwa humo humo. Nairobi–New York, 11,840 gawa kwa 850 ni masaa 13.9, ongeza nusu, masaa 14 na dakika 25 hivi.

Kenya Airways walipoanza kuruka moja kwa moja Nairobi–New York tarehe 28 Oktoba 2018 walitangaza masaa 15 kwenda na 14 kurudi. Kanuni yetu imeangukia katikati. Hiyo tofauti ya kwenda na kurudi inaletwa na upepo.

Juu huko, kama kilometa 9 mpaka 12 kutoka ardhini, kuna mito ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na inaweza kupita kilometa 200 kwa saa bila shida. Unaenda Marekani unakutana nao uso kwa uso, unarudi unakusukuma mgongoni. Wakati wa baridi kule kaskazini unakuwa mkali zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida ni kama masaa sita na nusu mpaka saba. Kwa hiyo ukiwa unaelekea magharibi ongeza nusu saa mpaka saa kwenye hesabu yako, ukielekea mashariki punguza. Ukiwa unaenda kaskazini kusini, kama Dar–Istanbul, upepo huu hauna maneno mengi, acha kanuni kama ilivyo.

Kitu kingine kidogo, muda ulioandikwa kwenye tiketi unaanza ndege inapoachia geti mpaka inapofika geti, sio inapoacha ardhi, na mashirika hujiwekea akiba humo. Ndo maana unasikia rubani anatangaza tumefika dakika 30 kabla ya muda, watu wanapiga makofi.

Hatua ya 4: saa za kwenye tiketi, hapa ndo wengi wanapigwa chenga

Muda wa kuondoka unaandikwa kwa saa ya mji unaotoka, muda wa kufika kwa saa ya mji unaofika. Siku zote. Afrika Mashariki (Tanzania, Kenya, Uganda) sisi tupo UTC+3 (masaa matatu mbele ya saa ya kimataifa) mwaka mzima, hatugusi saa. Wamarekani wanagusa: New York inasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kiangazi chao tumewazidi masaa 7, baridi tumewazidi 8. Sio namba moja mwaka mzima.

Tuchukue mfano, ndege inatoka Nairobi 23:25, mwezi wa kwanza, inaruka masaa 15.

23:25 ongeza 15 = 38:25. Toa 24, unapata 14:25 ya kesho yake, saa ya Nairobi. Toa 8, unapata 06:25 asubuhi New York. Ndege hiyo hiyo mwezi wa saba unatoa 7, inafika 07:25.

Sasa mtu asiyejua anaangalia tiketi, kuondoka 23:25, kufika 06:25, anasema aaa kumbe ni masaa saba tu. Halafu kurudi anaona kutoka New York 12:25 mchana, kufika Nairobi 10:25 asubuhi ya kesho, anahesabu 22, anaanza kuuliza kwa nini kurudi ni mbali hivyo.

Kuna njia ya mkato hapa naipenda sana, haihitaji hata kujua saa za nchi gani zipoje. Chukua masaa yanayoonekana kwenda (7), jumlisha na yanayoonekana kurudi (22), unapata 29, gawa kwa mbili: 14 na nusu. Huo ndo wastani wa kweli wa safari. Tofauti ya saa imejifuta yenyewe maana kwenda imepunguza na kurudi imeongeza. Inafanya kazi kwa miji yoyote miwili, mradi tiketi zote ni za moja kwa moja na za msimu mmoja.

Faida nyingine ya kuijua hesabu hii: ndege kama hiyo mwezi wa 12 au wa kwanza unaondoka Nairobi giza na unatua New York bado giza, kwa sababu unalikimbia jua na kule linachomoza saa moja na kitu. Usiku mmoja wa masaa 15. Lala tu.

Hatua ya 5: tafsiri tiketi kwa saa zetu, na jihadhari na tarehe

Tiketi inatumia masaa 24 na siku yao inaanza katikati ya usiku. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Kanuni ya haraka: kuanzia 07 mpaka 18 toa sita (14:00 ni saa nane mchana), kuanzia 19 mpaka 23 toa kumi na nane (23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku), kuanzia 00 mpaka 06 ongeza sita (03:40 ni saa tisa na dakika 40 usiku).

Hiyo ya tatu ndo inaacha watu. Tiketi imeandikwa "Jumatano 03:40". Huo ni usiku wa kuamkia Jumatano, maana yake unatoka nyumbani Jumanne jioni, Jumanne usiku upo eapoti. Mtu anasoma "Jumatano" na "usiku", anakula zake chakula cha Jumatano jioni anaaga ndugu, anafika uwanjani ndege ilishaondoka usiku uliopita. Kwa hili watu wa pwani wana afadhali, mtu wa Zanzibar au Mombasa akisikia usiku wa Ijumaa anaelewa ni Alhamisi baada ya magharibi, kwa hiyo akili yake ipo tayari. Ndege nyingi kubwa za huku zinaondoka usiku mkubwa, kwa hiyo ukiona saa kati ya 00:01 na 05:00, chukua kalamu uandike kwenye karatasi ya tiketi siku ya KUTOKA NYUMBANI kwa herufi kubwa.

Hatua ya 6: chagua mji wa kubadilishia

Sasa tumefika penyewe. Hizi ni njia ambazo mtu wa Dar hukutana nazo, kwa kilometa za mstari mfupi: Nairobi 12,510, Addis Ababa 12,960, Amsterdam kama 13,200, Istanbul kama 13,490, Doha kama 14,590, Dubai kama 15,000.

Angalia fupi na ndefu kuliko zote, tofauti ni kilometa 2,500 hivi. Kwa mwendo wa ndege hiyo ni masaa matatu. Basi! Lakini tranziti yenyewe (muda wa kusubiri ndege ya pili) inaweza kuwa saa moja na nusu au masaa kumi na tano, na hapo ndo safari inaamuliwa. Tiketi ya Nairobi yenye tranziti ya masaa 11 inapitwa vizuri tu na tiketi ya Doha yenye tranziti ya masaa mawili, ingawa ya Doha inakuzungusha Uarabuni kwanza kama mtu anayekwenda Kariakoo kupitia Bagamoyo. Kwa hiyo kwenye apu usipange kwa umbali wala kwa bei peke yake, panga kwa "muda wote wa safari", halafu fungua tiketi moja moja uone tranziti ni ya muda gani na ipo saa ngapi za huko.

Addis ina lake. Kwenye ramani ipo vizuri, ila uwanja wa Bole upo juu sana, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya masaa 15 inapata taabu kunyanyuka. Ndo maana safari za Ethiopian kwenda Marekani mara nyingi zinatua mahali katikati, Lomé (Togo) kwa mfano, kuongeza mafuta. Ukiona "kituo 1" zaidi kwenye tiketi ujue ni hicho, na ongeza saa moja na nusu hivi. Nairobi nayo ipo juu, kama mita 1,600, afadhali kidogo, na kuondoka usiku kukiwa na ubaridi kunasaidia ndege nzito.

Tranziti fupi mno nayo ni hatari. Chini ya saa moja na nusu mimi siichukui kwenye uwanja mkubwa, hata kama mfumo umeniuzia. Na hili shika sana: nunua tiketi moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukinunua Dar–Nairobi kivyake na Nairobi–New York kivyake kwa sababu umeona ni rahisi kwa elfu hamsini, ndege ya kwanza ikichelewa ile ya pili hawakujui, umepoteza tiketi, na mabegi yako yatabidi uyachukue mwenyewe uanze upya kaunta. Kwenye tiketi moja, ukikosa ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza ni jukumu lao kukutafutia nyingine.

Kama New York sio mwisho wako, unaendelea Dallas au Minneapolis, basi jua kwamba Marekani inakukagua uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza unaokanyaga, na mabegi unayachukua hapo hapo, unapita forodha, halafu unayakabidhi tena. Hata kama lebo ya begi imeandikwa Dallas. Weka masaa matatu hapo, manne kama roho yako haipendi mbio. Wanaopitia Abu Dhabi au Dublin wana bahati, ukaguzi wa Marekani unafanyika huko huko kabla hujapanda na ukitua unatoka kama abiria wa ndani.

Hatua ya 7: hesabu ya mlango mpaka mlango

Tupige moja kamili, kupitia Nairobi. Tegeta mpaka uwanja wa Julius Nyerere na foleni ya jioni, masaa 2. Kuwahi uwanjani, masaa 3. Dar–Nairobi, 1:20. Tranziti Nairobi tuseme 4. Nairobi–New York, 15. Uhamiaji na kusubiri begi JFK, 1:30. JFK mpaka Bronx asubuhi, saa 1 ukibahatika. Jumla: masaa 27 na dakika 50. Hewani ni 16 na dakika 20 tu, mengine yote ni foleni, viti vya plastiki na chai ya eapoti.

Ifanye hesabu hiyo hiyo kwa Doha na tranziti ya masaa 9, ukiweka 5:45 kufika Doha na 14 kutoka pale, unafika masaa 36 na kidogo. Sasa ukiambiwa tiketi ya Doha ni nafuu kwa dola 80 una kitu cha kulinganisha, unajua unauza masaa nane ya maisha yako kwa dola 80, wengine ni biashara nzuri tu, wanafunzi hasa.

Hatua ya 8: mwili nao una saa yake

Nitapita haraka. Masaa 15 kwenye kiti kimoja, inuka kila baada ya masaa mawili utembee, kunywa maji, miguu inavimba. Kwenda magharibi mwili unazoea haraka kidogo kuliko kurudi mashariki, kwa hiyo siku za uchovu zipange baada ya kurudi, usijipangie kazi kesho yake asubuhi.

Wanaotumia dawa za kila siku, fuateni masaa yaliyopita tangu dozi ya mwisho, sio saa ya ukutani. Dawa ya saa tatu usiku Dar, mwezi wa kwanza, ni saa saba mchana New York. Wa insulini ongea na daktari kabla, sio ukiwa hewani. Dawa zikae kwenye begi la mkononi. Na aliyefunga akiruka mchana kwenda magharibi ajue jua litamgomea kuzama, futari itachelewa sana.

Hatua ya 9: mwambie anayekupokea

Usimwandikie "nafika saa kumi na mbili". Aliyekaa Marekani miaka mingi anaweza kusoma 12 ya mchana, na wewe unasimama nje ya JFK kwenye baridi ya mwezi wa kwanza na koti la Dar. Mtumie hivi: "Natua JFK Jumatano 06:25 asubuhi saa za New York, ndege namba hii, terminali hii, nitatoka nje kama 08:00." Namba ya ndege ndo muhimu, akiiandika kwenye Google anaona upo wapi muda huo na kama umechelewa. Asije uwanjani saa unayotua, aje saa na nusu baadaye, maegesho ya JFK yanalipiwa kwa muda.